Jinsi ya Kuwaomba Wapinga Sigara Wakuunge Mkono Dhidi ya Marufuku ya Sigara za Kielektroniki

Muswada wa kupiga marufuku sigara za kielektroniki ukitangazwa, watumiaji wengi huanza kwa kuwatukana watu pekee wanaoweza kuwasaidia. Wanaharakati wa kupinga uvutaji sigara huitwa walokole wa afya, wavuruga starehe, vibaraka wa wafadhili. Ni kujipalia makaa. Mbunge ambaye hajaamua apige kura upande gani hatashtushwa na kilio cha mwenye duka la vifaa hivyo, kwa sababu anajua anatetea mauzo yake. Lakini daktari wa kifua aliyepambana na kampuni za tumbaku maisha yake yote akisema, "Hapa tunakosea," chumba kizima hunyamaza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeacha sigara kwa kutumia kifaa hicho, mhudumu wa afya, au kikundi kidogo cha watumiaji. Kama unaziuza, soma hatua ya pili kwanza, huenda ukaishia hapo.

Jambo moja ulibebe kuanzia mwanzo hadi mwisho: usiwaombe wanaharakati wazipende sigara za kielektroniki. Hawatazipenda, na wana sababu zao. Waombe waipime marufuku kwa kipimo chao wenyewe: ikipita, wavutaji wa sigara za kawaida watapungua au wataongezeka?

Hatua ya 1: Soma muswada wenyewe, si kichwa cha habari

Marufuku zina sura nyingi. India, kwa sheria yake ya 2019, ilizuia kutengeneza, kuingiza, kuuza, kusambaza na kutangaza bidhaa hizi, huku sigara za kawaida na bidi (sigara ndogo za kusokotwa za huko) zikiendelea kuuzwa kihalali. Singapore ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018, ikakataza hata kumiliki. Uingereza, tangu tarehe 1 Juni 2025, imezuia zile za kutumia na kutupa tu, na zinazochajiwa na kujazwa tena zimeachwa. New Zealand, mwaka 2020, haikuzipiga marufuku. Sheria yake ya mwaka huo iliruhusu maduka ya kawaida kuuza ladha tatu tu, yaani tumbaku, minti na mentoli, na ladha nyingine zikaachiwa maduka maalumu.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: ni kifungu gani hasa unachokipinga, nani mwenye uamuzi (bunge, waziri kwa kanuni, au mamlaka ya dawa), siku ya mwisho ya kupokea maoni ya wadau, na muswada unasema nini kuhusu watu wanaotumia tayari. Kisha tafuta kama umegusa sigara za kawaida popote. Kama haukuzigusa, umeshapata hoja yako kuu: bidhaa inayoua zaidi inabaki kaunta, na ile ambayo baadhi ya watu wameitumia kuiacha ndiyo inayoondolewa.

Hatua ya 2: Onyesha mikono yako kabla hujaulizwa

Hapa ndipo juhudi nyingi hufia. Swali la kwanza utakaloulizwa halitahusu mapafu wala mvuke. Utaulizwa nani anakulipa.

Wana haki ya kuuliza. Kwa miongo mingi kampuni za tumbaku ziliunda vikundi vya "wananchi" na kufadhili "watafiti huru" vilivyokuwa danganya toto. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005, una Kifungu cha 5.3 kinachozitaka serikali kulinda sera zao za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku. Na kampuni hizo hazikukaa pembeni teknolojia mpya ilipokuja. Mwaka 2017 Philip Morris International ilianza kufadhili taasisi iliyojitambulisha kwa lengo la dunia isiyo na moshi, na Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba halitashirikiana nayo. Desemba 2018 Altria, yenye kampuni inayotengeneza Marlboro nchini Marekani, ilinunua asilimia 35 ya JUUL, kampuni ya sigara za kielektroniki, kwa dola bilioni 12.8. Mwanaharakati anayekumbuka hayo akikuona na kifaa mkononi, ni lazima ajiulize umetumwa na nani.

Andaeni tamko la ukurasa mmoja. Kila mjumbe wa kikundi aeleze kama amewahi kupokea fedha, bidhaa za bure, nauli, malazi, mafunzo au kazi ya ushauri kutoka kwa kampuni ya tumbaku, ya sigara za kielektroniki, au taasisi inayofadhiliwa nazo. Aweke saini na tarehe. Mwenye duka asije kwenye kikao wala jina lake lisiwemo kwenye barua. Anayo nafasi ya kutoa maoni yake kama mfanyabiashara, na ni heri aitumie kwa jina lake mwenyewe. Kama kikundi kiliwahi kupokea kitu, semeni wenyewe, mapema, pamoja na kiasi. Wanaharakati hawa ni wachimbaji hodari. Wakikigundua wiki moja kabla ya kura, kila mtu aliyekuunga mkono atachafuka pamoja nawe, na hatakusamehe.

Hatua ya 3: Jua unakwenda kwa nani

Kambi ya wapinga sigara haina sauti moja. Mei 2014 wataalamu 53 walimwandikia Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani wakati huo, Margaret Chan, wakimwomba asizuie bidhaa zinazopunguza madhara ya sigara. Mwezi uliofuata wataalamu 129 wakaandika barua ya kupinga ile ya kwanza. Wote walikuwa watu wa afya, na wote walitaka sigara ziishe. Shirika lenyewe, Desemba 2023, lilihimiza hatua kali dhidi ya sigara za kielektroniki, likieleza kwamba nchi 34 zilikuwa zimepiga marufuku uuzaji wake ilhali 88 hazikuwa na umri wa chini wa mnunuzi. Kwa upande mwingine ipo ASH, asasi ya Uingereza, iliyoanzishwa 1971 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari, ambayo ni mpinzani wa tumbaku wa siku nyingi, lakini inazikubali sigara za kielektroniki kama msaada kwa mvutaji mtu mzima anayetaka kuacha.

Wagawe unaowalenga kwa kazi wanazofanya. Anza na wenye wagonjwa: madaktari wa kifua na moyo, wauguzi wa kliniki za kuacha sigara, wahudumu wa afya ya akili, ambao wagonjwa wao huvuta sigara kwa wingi kuliko watu wengine. Hawa wanamjua kwa sura mtu aliyejaribu plasta na jojo za nikotini na vidonge vya kuacha sigara akashindwa. Waliojitolea kulinda watoto usiende kwao kutafuta saini. Nenda kupunguza hofu, na ukirudi wakiwa wamekubali tu kuzisoma hoja zako, shukuru. Kisha kuna wanasheria na miungano inayofuatilia ule mkataba wa kudhibiti tumbaku. Watakuuliza mkataba unasemaje. Jibu: Kifungu cha 1(d), kinachoeleza maana ya udhibiti wa tumbaku, kinataja mikakati ya kupunguza madhara pamoja na ile ya kupunguza ugavi na mahitaji. Usikivute zaidi ya hapo. Hakiamuru nchi yoyote kuruhusu bidhaa hizi, na mwanasheria atakubana ukidai hivyo.

Kabla ya kumwandikia yeyote, soma matamko ya shirika lake ya miaka ya karibuni na uangalie nani anayelifadhili. Mwaka 2019 taasisi ya hisani ya Bloomberg Philanthropies ilitenga dola milioni 160 kupambana na sigara za kielektroniki zenye ladha nchini Marekani. Shirika linaloendeshwa kwa fedha zenye mwelekeo huo haliwezi kutia saini barua yako hata mkurugenzi wake akikubaliana nawe moyoni. Lakini daktari mmoja mmoja ndani yake anaweza kuzungumza kwa jina lake. Muombe yeye, na uliache shirika kwa amani.

Hatua ya 4: Panga ushahidi, pamoja na ule unaokuumiza

Msingi ni rahisi kueleza. Kinachoua kwenye sigara hasa ni moshi wa tumbaku inayoungua: lami, monoksidi ya kaboni na maelfu ya kemikali nyingine. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji arudi kesho. Michael Russell, daktari wa London, aliliweka jambo hilo wazi mwaka 1976, miaka mingi kabla Hon Lik hajabuni nchini China kifaa kilichofungua soko hili mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa suala la kuacha sigara, tegemea mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua kwa pamoja tafiti za afya, maana wanaharakati wenyewe huyaheshimu. Yanaonyesha kwa uhakika mkubwa kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha kuliko plasta na jojo: takriban watu 8 hadi 10 kati ya 100, wakilinganishwa na 6. Si tofauti ya kushangilia barabarani, na ni bora uiseme hivyo hivyo ilivyo. Kuna pia jaribio la Uingereza lililoongozwa na Peter Hajek na kuchapishwa 2019, lenye washiriki 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha kuvuta, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa tiba za nikotini.

Sasa mitego.

Jaribio hilohilo lina upande wa pili: miongoni mwa walioacha sigara kwa kifaa, asilimia 80 walikuwa bado wanakitumia baada ya mwaka, huku kwa waliotumia tiba za nikotini ikiwa asilimia 9 tu. Mwanaharakati makini anaijua namba hiyo. Itaje wewe kwanza.

Namba ya "asilimia 95 salama zaidi" ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayowaingiza watu mkenge. Ilitangazwa na Public Health England, wakala wa afya ya umma wa England, mwaka 2015, na jarida la Lancet likahoji uimara wa msingi wake, kwa kuwa ilitokana na makadirio ya kikao cha wataalamu. Mwaka uliofuata Chuo cha Kifalme cha Madaktari kilisema madhara ya muda mrefu hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya yale ya sigara. Ukitaka kuitumia, taja aliyeisema na uite makadirio. Mimi ningeiacha nyumbani. Kusema "madhara ni madogo kuliko ya sigara, lakini yapo" kunatosha, na hakuna wa kukubishia.

Utaulizwa kuhusu mapafu ya Wamarekani. Mlipuko wa ugonjwa wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa vifaa hivi mwaka 2019 ulilaza watu zaidi ya 2,800 hospitalini na kuua 68 kufikia Februari 2020. Uchunguzi uliuhusisha zaidi na asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye bidhaa za bangi, nyingi zikiwa za soko la magendo. Ni hoja nzuri kwako, maana marufuku huwasukuma watu kwenye magendo, lakini itaje kwa sauti ya msiba. Watu walikufa.

Halafu vijana. Hapa usikwepe. Mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu Marekani walisema wametumia sigara za kielektroniki ndani ya siku 30. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8. Namba ya kwanza inaeleza kwa nini wazazi wana hasira. Ya pili inaonyesha kwamba matumizi ya vijana yanaweza kushuka bila bidhaa kuondolewa kabisa kwa watu wazima. Zote mbili ziende pamoja kwenye karatasi yako.

Mwisho, wapo wanaotumia vyote viwili, sigara na kifaa. Faida ya afya kwao ni ndogo mpaka waache sigara kabisa. Na hakuna mtu duniani aliyetumia vifaa hivi kwa miaka 40, kwa hiyo usiahidi lolote kuhusu uzeeni.

Hatua ya 5: Chagua ombi dogo linalobebeka

Mwanaharakati hawezi kutoka kwako na bango la "Tunataka sigara za kielektroniki". Mpe kitu anachoweza kukitetea mbele ya wenzake bila kuona haya. Maombi yana uzito tofauti. Jepesi kuliko yote ni kumwomba asiiunge mkono marufuku hadharani mpaka ausome muswada. Linalofuata ni aiombe kamati ifanye tathmini ya athari kwa wavutaji sigara kabla ya kupiga kura. Zito zaidi ni kuunga mkono marekebisho mbadala, na zito kuliko yote ni kutoa ushahidi mbele ya kamati. Mimi huanza na la tathmini. Ni vigumu kwa mtu wa afya kukataa kuomba tathmini ya afya.

Kisha mwonyeshe unachokubali kupoteza, na hapa usiwe bahili. Umri wa chini wa mnunuzi na adhabu kwa anayekiuka. Leseni kwa kila muuzaji, na kupokonywa leseni akikosea. Matangazo marufuku. Majina na michoro ya peremende na katuni iondolewe. Vifuniko visivyofunguka kwa mtoto. Kikomo cha nikotini: Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2014, uliweka miligramu 20 kwa mililita, tangi lisilozidi mililita 2 na chupa ya kujazia isiyozidi mililita 10. Vya kutumia na kutupa viondoke kama lazima. Kodi iwepo, ila sigara ya kawaida ibaki ghali zaidi.

Ladha ndizo zitawagombanisha ninyi wenyewe kwa wenyewe. Amueni msimamo kabla ya kikao, maana kikundi kinachobishana mbele ya mgeni hakipewi kitu.

Hatua ya 6: Barua

Iwe fupi, isizidi ukurasa mmoja, na isifanane na barua ya jirani yako. Barua 300 zenye maneno yaleyale hunuka kampuni. Mfano wa kuanzia ni huu, ubadilishe uwe wako:

> Daktari,
>
> Kamati ya Afya inapokea maoni kuhusu muswada wa kupiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki hadi tarehe …… Kifungu cha …… kinazuia kuwauzia hata watu wazima. Sigara za kawaida hazikuguswa.
>
> Nilivuta sigara kwa miaka …… na niliacha kwa kutumia kifaa hiki. Sijapokea fedha, bidhaa wala nauli kutoka kwa kampuni ya tumbaku au ya sigara za kielektroniki. Tamko langu nimeliambatanisha.
>
> Siombi uziunge mkono bidhaa hizi. Naomba uitake kamati, kwa maneno yako mwenyewe, ieleze kabla ya kura marufuku hii itawaathiri vipi watu wanaovuta sigara. Vifungu vya kuwalinda watoto naviunga mkono, na nimeviorodhesha kwenye kiambatisho.
>
> Nitashukuru kupata dakika 20 za muda wako, siku na mahali utakapopanga.

Usimtishe kwamba watu watakufa kwa sababu yake. Watu hawa wameuguza wengi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Kikao

Nendeni wawili, msizidi watatu. Kifaa kibaki mfukoni au, bora zaidi, nyumbani. Mmoja awe mtu aliyeacha sigara, na asimulie kwa dakika mbili: alivuta kiasi gani, alijaribu nini, nini kilishindikana, sasa yukoje. Kama bado anavuta sigara mbili za jioni, aseme. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Nani amekulipia kuja hapa?"

"Mimi mwenyewe, Daktari. Tamko la kila mmoja wetu liko nyuma ya karatasi hiyo."

"Mtoto wa miaka 13 ananunua kitu chenye ladha ya peremende, na wewe unataka kiendelee kuuzwa?"

"Hapana. Kumuuzia mtoto liwe kosa lenye adhabu, na muuzaji apoteze leseni. Tunachopinga ni mstari unaomzuia pia mtu wa miaka 50 asiyeweza kuacha sigara kwa njia nyingine."

"Kwa nini asitumie plasta?"

"Atumie. Wengi zimewasaidia. Tunazungumzia wale zilizowashinda."

"Na kama miaka 20 ijayo tukagundua madhara?"

"Sheria ibadilike. Tunaomba muswada uwe na kifungu cha kuupitia upya ushahidi kila baada ya miaka michache."

Angalia kwamba hakuna jibu lililoanza na "lakini". Likija swali usilolijua, sema hujui, liandike, na umjibu kwa maandishi kesho yake. Kabla hujaondoka, uliza: ni kitu gani kwenye muswada huu kinakupa wasiwasi wewe? Mara nyingi jibu lake ni bora kuliko hoja zako zote, na ndilo atakalokuwa tayari kulisema hadharani.

Hatua ya 8: Akikubali, akikataa

Akikubali, kaa kando. Usimwandikie hotuba, usimpigie picha na kifaa chako, usitangaze jina lake kabla hajatangaza mwenyewe. Mpe tarehe ya kikao cha kamati, namba ya kifungu na karatasi ya ushahidi, basi. Kampuni ikimsifu hadharani, jitenge na sifa hizo siku hiyohiyo. Sifa za kampuni ni mchanga kwenye kitumbua chake.

Akikataa, mshukuru na usimwage mazungumzo yenu mitandaoni. Anayekataa leo anaweza kunyamaza siku ya kura, na kunyamaza kwake kuna thamani.

Na muswada ukipita licha ya yote, rudi kwa walewale, hata waliokukataa, na ombi tofauti: muda wa mpito kwa wanaotumia sasa, plasta na dawa za kuacha sigara zipatikane kwa bei nafuu, na takwimu za mauzo ya sigara zichapishwe kila robo mwaka. Hapo hakuna mpinga sigara atakayekukatalia. La takwimu lianze kabla marufuku haijaanza kutekelezwa, vinginevyo hakutakuwa na namba za awali za kulinganisha, na miaka miwili baadaye kila upande utadai umeshinda.